Jeneza la mbao la kutengenezwa mtaani: mwongozo kamili kutoka karakana ya Malindi

Jeneza hubebwa mara sita kabla halijateremshwa kaburini. Linatolewa karakanani na kupakiwa garini. Linashushwa kwenye chumba cha maiti. Linapakiwa tena, safari hii likiwa zito. Linashushwa nyumbani, linapelekwa kanisani, kisha linabebwa mpaka shambani, na hapa kwetu Malindi shamba hilo huwa ni la minazi na mikorosho, njia yake mchanga mtupu unaomeza miguu. Katika safari hizo sita, nne lina mtu ndani.

Nilikuwa miongoni mwa wabebaji siku moja, upande wa Gede, sakafu ya jeneza ilipolia. Lilikuwa jeneza la kununuliwa, linang'aa kama kabati jipya, vishikio vyake vya rangi ya dhahabu. Tulikuwa tumetembea kama hatua thelathini kutoka uani tuliposikia mlio mkavu, na aliyekuwa upande wa miguu akasema polepole, "Jamani, linaachia." Tukaliweka chini. Mama mmoja akavua leso yake ya juu, wa pili akavua yake, tukazipitisha chini ya jeneza na kulibeba hivyo hivyo, mikono yetu ikiwa chini ya leso mpaka kaburini. Baadaye nilielewa kilichotokea: sakafu ilikuwa ya plaiwudi nyembamba, imeshikizwa kwa pini ndogo zinazopigwa na mashine ya kushonea makochi. Familia ile ilikuwa imechanga majuma mawili kulilipia.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja kuhusu kazi hii: jeneza ni chombo cha kubebea. Halikusudiwi kudumu wala kupamba nyumba. Nguvu zote ziwekwe kwenye sakafu na vishikio, na fedha zisipotezwe kwenye kung'arisha. Fundi anayejua kutengeneza kitanda kisicholia anaweza kutengeneza jeneza zuri kwa siku mbili, kwa mbao za kawaida, na familia isibaki na deni. Mwongozo huu ni wa fundi huyo, na wa kikundi chochote cha mtaa kinachotaka kuwafanyia watu wake kazi hii. Mwishoni nitaeleza pia jeneza la msikiti na viunza, yaani mbao za kuzibia ndani ya kaburi la Mwislamu, kwa sababu karakana ya Malindi isiyojua kazi hizo mbili inahudumia nusu ya majirani zake tu.

Mbao za kuchagua, na za kuacha

Tafuta mbao nyepesi, kavu, zilizonyooka. Hapa kwetu inayotufaa zaidi ni saipresi inayoletwa na malori kutoka bara. Ni nyepesi, inapokea skrubu bila kupasuka, na harufu yake ni safi. Jeneza la mtu mzima la saipresi ya unene wa robo tatu ya inchi lina uzito wa kama kilo 30. Ukitumia mvule utaongeza kilo kumi au zaidi, na mzigo huo unabebwa na watu, siyo na winchi.

Mwembe unafaa sana na uko kila mahali: mwembe mzee ulioacha kuzaa unatoa mbao pana. Ila hausubiri. Ukiangushwa, uchanwe juma hilo hilo na mbao zipangwe kwenye upepo, vinginevyo ukungu wa buluu unaingia na bungua nao wanafuata. Ukungu peke yake ni doa la rangi tu, ubao haupotezi nguvu. Ubao wenye vitundu vya bungua ni wa kukataa kabisa kwenye sakafu.

Mwarobaini una mbao ngumu nzuri, lakini shina lake ni fupi na hujikunja, kwa hiyo ni shida kupata ubao safi wa futi 6 na nusu. Utumie kwa mataruma, yaani vipande vya kukingama vinavyoshikanisha mbao, na vijiti vya ndani. Vumbi lake linachoma pua, ufunge kitambaa usoni. Mnazi sehemu ya nje ni mzito na unakula meno ya msumeno. Ni mti mzuri wa miguu ya kitanda, lakini jeneza uliepushe nao.

Mvule, mbambakofi na mkangazi viachie samani na milango. Nasema hivi nikijua wapo watu watakaokuja na fedha mkononi wakitaka mvule kwa heshima ya baba yao. Waeleze kwa upole kwamba mti uliokua miaka mingi kiasi hicho ungekaa vizuri zaidi kama mlango, kitanda au meza ambayo wajukuu wa mzee wataitumia, na wengi husikia. Pwani yetu imeshaona mti ukiisha: mafundi wa vinyago walifuata muhuhu katika msitu wa Arabuko-Sokoke mpaka miti minene ikawa adimu, ndipo wengi wakageukia mwarobaini na mwembe. Wagiriama nao wamekuwa na hekima yao katika jambo hili. Mti mgumu usioliwa na mchwa waliuchongea kigango, nguzo ya kumkumbuka mzee wa chama cha Gohu, inayosimama juu ya ardhi mpaka ianguke yenyewe. Vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na makumbusho kadhaa ya Marekani yamevirudisha. Mti wa kudumu ulikuwa wa kusimama mbele ya walio hai, haukuwa wa kuzikwa.

Mbao ukinunua, weka risiti, na ukisafirisha za shambani pata kwanza kibali cha Huduma ya Misitu. Lori likizuiliwa barabarani siku ya kuamkia mazishi hakuna wa kumlaumu ila wewe.

Ukavu ndio unaowashinda wengi. Hewa ya bahari ya Malindi haikaushi ubao kama hewa ya bara, hasa wakati wa masika na kusi. Panga mbao juu ya vijiti vyenye unene sawa, chini ya paa, upepo upite kila upande, na ncha zake zipake rangi yoyote iliyobaki ili zisipasuke. Kujua kama umekauka, kata kipande cha futi moja katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito juu yake kwa penseli. Kila juma kipime tena. Uzito ukiacha kushuka kwa majuma mawili mfululizo, mbao ziko tayari. Ubao mbichi utajikunja ndani ya siku mbili na kufungua maungio wakati jeneza liko sebuleni kwa watu.

Kwa jeneza la mtu mzima wa kawaida tunatenga: mbao za nane kwa moja (upana inchi 8, unene inchi 1 kabla ya randa, robo tatu baada yake) futi 60, za sita kwa moja futi 24, za mbili kwa moja futi 20. Jumla futi 104. Ongeza skrubu za inchi 2 na za inchi 1 na robo, gundi nyeupe ya mbao, mita 6 za kamba ya makumbi au ya katani, bawaba mbili ndogo, na mita 6 za kitambaa cheupe.

Kumpima marehemu

Usikadirie. Usimwulize mjane "alikuwa mrefu kiasi gani" halafu ukatumia jibu lake, kwa sababu aliyefiwa humkumbuka mtu wake akiwa mrefu zaidi au mdogo zaidi ya alivyokuwa. Sisi tunampa mmoja wa jamaa uzi wa katani. Anayekwenda chumba cha maiti anapima kutoka utosini mpaka nyayoni na kupiga fundo moja. Kisha anapima upana wa mwili pale unapozidi, ambapo kwa kawaida ni kwenye viwiko, mikono ikiwa imelazwa ubavuni, anapiga mafundo mawili. Uzi unarudi karakanani, tunaulaza juu ya benchi kando ya futi. Nimewahi kupokea uzi uliopigwa mafundo na kijana wa miaka kumi na tisa aliyempima babake mwenyewe. Aliuleta amejiviringishia mkononi, akaniambia, "Fundi, hiki ndicho kipimo chake, usikipoteze." Nyuzi hizo hatuzitupi. Tunazirudisha ndani ya jeneza, chini ya mto.

Kwenye urefu ongeza inchi 4, kwa maana miguu ya maiti hunyooka na vidole hutangulia. Kwenye upana ongeza inchi 2. Mfano nitakaoufuata mpaka mwisho ni wa mtu wa futi 5 na inchi 11, upana wa viwiko inchi 20. Ndani ya jeneza lake patakuwa na urefu wa inchi 75, mabegani inchi 22, kichwani 12, miguuni 11. Mstari wa mabega utakuwa inchi 20 kutoka kichwani. Kina cha pande ni inchi 13, yaani ubao wa nane na wa sita zikishapigwa randa kingo na kusimamishwa mmoja juu ya mwingine. Mtu mnene mpe mbao mbili za nane.

Sakafu kwanza

Piga randa kingo za mbao tatu za nane kwa moja, uziunge kwa gundi, uzibane kwa klampu. Kama huna klampu ndefu, pigilia vipande viwili vya mbao sakafuni na ubane kwa kabari, inashika vile vile. Zikishakauka utapata kama inchi 22 na nusu za upana.

Chora mstari wa katikati kwa uzi uliopakwa chaki. Kutoka mstari huo, kichwani pima inchi 6 kila upande. Shuka inchi 20, pima inchi 11 kila upande. Shuka mpaka 75, pima inchi 5 na nusu kila upande. Unganisha alama, una umbo la pembe sita. Kabla ya kukata, pima mishazari miwili, kutoka kila pembe ya kichwani hadi bega la upande wa pili. Ikilingana, kata. Isipolingana, futa uchore upya. Kosa la nusu inchi hapa litakufuata mpaka kwenye kifuniko.

Mataruma matatu ya mbili kwa moja yatakaa chini ya sakafu: moja mabegani, moja katikati, moja karibu na miguu. Yakate marefu kiasi cha kufika nje ya pande, lakini usiyafunge bado. Yatakuwa na kazi mbili. Yanashika sakafu pamoja na kingo za chini za pande, hivyo mzigo hautegemei skrubu za ubavuni peke yake. Tena yanaliinua jeneza kidogo kutoka ardhini, na kamba za kuteremshia zinapita na kutoka bila kukwama. Aliyewahi kuona watu wakivuta kamba iliyobanwa chini ya jeneza, huku mchungaji akisubiri, ataelewa kwa nini nayasisitiza.

Kupinda pande

Hapa ndipo fundi wa kitanda anapojifunza kitu kipya, na hapa ndipo nitakapokaa.

Kila upande una mbao mbili, ya nane chini na ya sita juu. Zikate zote nne futi 6 na nusu. Usiziunge kwanza. Tutazipinda kwa maji ya moto, na gundi nyeupe haipendi maji ya moto. Piga mstari wa mabega kwenye uso wa ndani wa kila ubao, inchi 21 na nusu kutoka ncha ya kichwani. Ile inchi moja na kitu ya ziada ni ya mshazari na ya unene wa ubao wa kichwani.

Sasa piga mikato mitano kwa msumeno wenye meno madogo, kukingama ubao, nafasi ya nusu inchi kati ya mmoja na mwingine, wa katikati ukiwa juu ya mstari wenyewe. Kina cha kila mkato ni nusu inchi kamili katika ubao wa robo tatu, ibaki robo inchi upande wa nje. Ili usikosee, bandika utepe kwenye bapa la msumeno, nusu inchi kutoka menoni. Utepe ukigusa ubao, simama. Kata taratibu na usawazishe mkono: mkato ulioingia zaidi upande mmoja ndio utakaovunja ubao.

Chemsha birika. Funika sehemu ya mikato kwa gunia lililoloweshwa, mimina maji ya moto pande zote mbili, subiri dakika kumi, mimina tena. Lipo umbo tulilotengeneza kwa mbao chakavu, lenye pembe ile ile ya mabega. Ubao unawekwa pale, mtu mmoja anashika kichwani, mwingine miguuni, mnasukuma pamoja bila haraka. Utauona mdomo wa kila mkato ukifunga kidogo kidogo, maji yakichuruzika kutoka ndani yake. Ubao mzuri hautoi sauti. Ukisikia mlio mdogo kama wa kijiti cha kiberiti, acha hapo hapo, ongeza maji, subiri. Ukilazimisha, uso wa nje utapasuka kufuata nyuzi na ubao huo utakuwa wa viunza. Ufunge kwa kamba kwenye umbo, uache mpaka ukauke, usiku mzima ukiwa na nafasi, nusu siku ya jua la kaskazi kama huna.

Ukishakauka, jaza mikato gundi na ubandike juu yake kipande cha kitambaa cha pamba kilicholoweshwa gundi. Kitambaa hicho kinashika kuliko unavyodhani.

Kusimamisha

Ubao wa nane uliopindwa ufungwe kwanza kwenye ukingo wa sakafu, uso wa chini ukilingana na uso wa chini wa sakafu. Toboa kwanza, weka gundi, kaza skrubu ya inchi 2 kila baada ya inchi 5. Anzia mabegani uelekee ncha zote mbili. Ukianzia kichwani, bega halitakaa mahali pake.

Ubao wa kichwani na wa miguuni unakaa katikati ya pande, ukigusa mwisho wa sakafu. Kingo zake zilazwe kwa randa zifuate mshazari wa pande: kichwani mshazari ni mkubwa, miguuni ni mdogo. Jaribu, punguza, jaribu tena. Hapa hakuna hesabu inayoshinda jicho. Kisha ubao wa sita unapanda juu ya ule wa nane kwa gundi, na ndani unafunga vijiti vya wima vya mbili kwa moja, vitatu kila upande, vinavyoshika mbao zote mbili. Vijiti viwe mbali kidogo na mpindo wa bega. Weka alama mahali pake upande wa nje, utazihitaji.

Lipindue jeneza, sasa funga yale mataruma matatu. Skrubu ziingie kwenye sakafu na kwenye kingo za pande zote mbili.

Vishikio sita vya kamba

Vishikio vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu ni pambo, havibebi. Kamba ya makumbi iliyosokotwa vizuri, nene kama kidole gumba, inabeba, na haimkati mtu mkononi. Pale penye alama za vijiti, inchi 4 kutoka juu, toboa matundu mawili, moja kila ubavu wa kijiti, yenye nafasi ya inchi 5. Kamba inaingia tundu moja, inazunguka nje kwa kiasi cha kiganja, inatoka ndani kwa tundu la pili, na ncha zake mbili zinafungana juu ya kijiti chenyewe. Hivyo mzigo unakaa juu ya kijiti, siyo juu ya ubao mwembamba.

Kisha jaribu. Tia mifuko miwili ya saruji ndani, kilo 100. Watu sita wainue, watembee mpaka barabarani na kurudi, walitikise. Piga magoti usikilize chini. Jeneza la karakana yetu halitoki bila jaribio hili, hata kama gari linapiga honi nje.

Kifuniko

Kifuniko ni umbo lile lile la sakafu, likiongezwa unene wa pande, inchi 23 na nusu mabegani. Mbao tatu za nane hazitoshi, chana ukanda kutoka ubao wa sita uongeze. Mataruma yake matatu yakae ndani, mafupi kiasi cha kuingia kati ya pande, ili kifuniko kijiongoze chenyewe kinapofungwa. Familia zetu nyingi hutaka kumuaga mtu wao usoni. Kama ni hivyo, kata kifuniko kwa kukingama, inchi 24 kutoka kichwani, weka taruma kila upande wa mkato, kisha ufunge kipande cha juu kwa bawaba mbili. Pigilia upapi mwembamba kuzunguka ukingo wote, unaficha maungio na kukipa kifuniko sura.

Kifuniko kifungwe kwa skrubu sita zilizokwisha kutobolewa njia, kamwe kisipigwe misumari. Sauti ya nyundo juu ya jeneza, mbele ya mama wa marehemu, haina haja ya kuwepo duniani.

Rangi na ndani yake

Msasa namba 80, kisha 120, kufuata nyuzi. Sila ya kuziba vitundu vya ubao mara moja, vanishi mara mbili, basi. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ukipaka alfajiri au magharibi, unyevu wa bahari unaingia kwenye vanishi na kuipausha, uso unakuwa na ukungu mweupe. Kama muda ni mfupi kuliko siku moja, acha vanishi kabisa, sugua nta ya nyuki kwa kitambaa. Jeneza linalonuka tina ya kuyeyushia rangi ndani ya nyumba yenye watu hamsini ni taabu kwa wafiwa.

Ndani, tandika kwanza nailoni nzito iliyopanda inchi 4 ukutani, ishikize vizuri pembeni. Juu yake maranda makavu, unene wa inchi moja, yanayotokana na randa ile ile iliyopiga mbao. Maiti aliyetoka kwenye baridi ataanza kutoa maji katika joto la Malindi, na safari ya Ganze au Marafa ni ndefu. Maranda yanayanywa. Halafu shona bitana ya kitambaa cheupe, ikunjwe juu ya kingo na kufunika mafundo ya kamba. Mto ujazwe sufi. Msufi mmoja nyuma ya karakana unatutosha mwaka mzima.

Majeneza ya watoto ni ya pande zilizonyooka, hayahitaji kupindwa. Tunayatengeneza kwa vipande vilivyobaki, hatudai chochote, na hatuyaweki mahali pa kuonekana na wapita njia.

Jeneza la msikiti na viunza

Mwislamu huzikwa katika sanda, na jeneza lake linarudi msikitini kumsubiri mwingine. Kwa hiyo kanuni inageuka: hili lazima lidumu. Wazee huliita tusi, na ukilitazama ni ndugu wa kitanda cha kamba. Fundi wa vitanda yuko nyumbani hapa.

Mbavu mbili ndefu, futi 9, ziwe za mti mgumu ulionyooka, zikitokeza futi moja na nusu kila mwisho kama mikono ya kubebea. Mkoko uliovunwa kwa kibali, wenye unene wa kushikika vizuri, unafaa sana, na hapa ndipo mvule unapostahili kutumika. Upana wa ndani inchi 22. Maungio yawe ya ulimi na tundu, ulimi upite mpaka upande wa pili na kufungwa kwa kigingi cha mti, kwa sababu msumari wa chuma huliwa na chumvi ya bahari na ubao unaouzunguka unaoza pamoja nao. Sakafu iwe ya mbao zenye nafasi ya nusu inchi, ioshwe na ikauke kwa urahisi. Miguu mifupi ya inchi 6. Mikono izungushwe kwa randa na msasa mpaka ikae begani bila kuumiza, kwani watu watapokezana njia nzima. Tengeneza pia matao matatu ya fito yanayochomekwa na kuchomolewa, ya kushikilia shuka juu ya jeneza la mwanamke.

Viunza ndizo mbao za kuzibia mwanandani, shimo dogo lililo ndani ya kaburi, maiti akishalazwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, ili udongo usimwangukie. Hazihitaji randa wala rangi. Unene wa inchi moja unatosha, na urefu utauliza kwa mchimba kaburi wa mahali hapo, maana kila makaburi yana desturi yake. Mazishi haya mara nyingi hufanyika siku ile ile, kwa hiyo viunza hukatwa mapema na kufungwa mafungu. Tunatumia vipande vya vitanda na meza, na zile mbao za pande zilizopasuka. Anayekuja kuvichukua hata saa nane za usiku anavikuta vimefungwa kamba nyuma ya mlango.

Karakana inavyoweza kumudu

Vitanda, meza, viti na madirisha ndivyo vinavyolisha karakana. Jeneza tunalitoa kwa bei ya mbao, skrubu na kitambaa, na tunawaonyesha jamaa risiti wazihesabu wenyewe. Kazi ya mikono ni mchango wetu kwenye matanga, kama wengine wanavyoleta unga na kuni. Kijana wa familia akitaka kushika msasa, mpe msasa. Wengi hutaka, na wengine hukaa kimya wakisugua ubao mmoja saa nzima.

Linalotuwezesha ni akiba. Darini kuna futi 104 za mbao kavu zenye alama ya chaki nyeupe, na hazitumiki kwa kitanda hata kama mteja amelipa na anasubiri. Kifo hakitoi taarifa ya miezi mitatu ya kukausha ubao. Jeneza likishatoka, kesho yake asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, tunapanda ngazi, tunachagua katika zile zilizokauka, tunapima, tunatia chaki, mpaka futi 104 zitimie tena.